Pili ya Breda

Mvua ya mji wetu wa Irosin ikishika bati, hata padri hukatiza mahubiri akangoja. Ndivyo ilivyokuwa siku ile simu ilipolia. Nikaibana sikioni, sikio jingine nikaliziba kwa kidole, nikajikunja chini ya meza ya kulia ambako kelele ilipungua kidogo.

"Bibi! Unanisikia?"

"Nakusikia kama mtu aliye ndani ya mtungi. Sema!"

Alikuwa mjukuu wangu Rhodalyn, aliyekuja likizo kutoka Ayalandi, ambako kazi yake ni kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Siku hizo alikuwa amevuka bahari kwenda kisiwa cha Samar kuwasalimu ndugu wa marehemu baba yake. Akasema atarudi Jumamosi asubuhi, na jioni yake atapanda basi la Manila kuwahi ndege.

"Nikuandalie nini cha kuwapelekea wenzako wa kazini?" nikapaza sauti.

Mvua ikazidi. Nilichoambulia ni vipandevipande. "...Breda... kwa Breda, Bibi, pili... tafadhali usisahau... pili..." Kisha simu ikafa.

Nikatoka chini ya meza. Wifi yangu Choleng alikuwa ameketi kizingitini akingoja mvua ikatike, ingawa nyumba yake ni hiyo hapo na mwavuli alikuwa ameushika mkononi.

"Kasema pili," nikamwambia.

"Pili?"

"Kwa Breda, pili. Kasema na kurudia."

"Basi huyo msimamizi wake Mzungu ulimi anao, kama anazitaka kokwa zetu," akasema Choleng. "Nilidhani wao ni viazi tu asubuhi na jioni."

Kwetu mtu hatembei mikono mitupu. Ukirudi kutoka safari unakuja na kitu, ukitoka nyumbani kwenda kwa watu unaondoka na kitu, na kitu hicho tunakiita pasalubong. Asiye nacho, hata mbwa wa getini humtazama mara mbili. Lakini Rhodalyn alikuwa na sababu zaidi ya hiyo. Mara ya kwanza aliporudi kazini kutoka likizo alibeba samaki wangu wakavu wa chumvi. Akawapasha kwenye chumba cha chai. Watu wakafungua madirisha yote katikati ya baridi, na mmoja akauliza kama mtaro umepasuka. Mjukuu wangu alikaa na sahani yake mbele, macho chini. Breda, msimamizi wao, ndiye aliyesema asante, akafunga samaki waliobaki akaenda nao kwake. Kesho yake akasema walikuwa watamu. Mimi huwa nadhani aliyewala ni paka, lakini asante ni asante.

Tena ni huyohuyo Breda aliyetoa siku zake mwenyewe za mapumziko akampa Rhodalyn, ili aje akae nami nilipopasuliwa jicho. Jicho hili ninaloandikia. Kwa hiyo nilipoambiwa Breda anataka pili, sikuuliza mara ya pili.

Pili si karanga ya kubonyeza kwa vidole. Gamba lake ni jiwe. Unaisimamisha kwenye kigogo, unaipiga panga katikati pigo moja. Ukikosea, ama imeruka ukutani ama umeacha ukucha. Kisha unailoweka kwenye maji ya moto, unaivua koti lake la kahawia, inabaki nyeupe kama jino la mtoto. Nilizikaanga nyingine kwa chumvi, nyingine nikazivika sukari, nyingine nikazitwanga nikazipika na maziwa mpaka zikawa peremende laini. Magamba nikayatia jikoni yawe kuni, maana yanawaka vizuri kuliko mkaa. Nyumba nzima ilinukia. Choleng alikuja kunisaidia kuonja.

"Ongeza chumvi," anasema, anachota.

"Umeshaonja."

"Nilionja zile. Hizi ni ndugu zake."

Nikajaza makopo, nikayapanga mezani. Kopo la Breda nikalifunga utepe mwekundu, na ndani nikaweka zile nzima tu, hata moja haikuwa na ufa.

Jumamosi Rhodalyn akaingia na begi begani. Alipofika mlangoni akasimama, akavuta harufu, akatazama meza. Nikangoja afurahi.

"Bibi," akasema taratibu, "hizi ni za nani?"

"Za wenzako. Hilo lenye utepe ni la Breda peke yake, kama ulivyosema."

Akaketi juu ya begi lake palepale mlangoni. "Nilisema nini, Bibi?"

"Ulisema pili."

"Nilisema *pili*, chagua! Nilisema kwa Breda uchague kwa uangalifu, usisahau, maana hali kokwa za aina yoyote! Zinaweza kumuua!"

Sasa, neno hilo kwetu lina vichwa viwili. Pili ni kokwa hii ya mti wetu, na pili ni kuchagua. Watu wakizungumza uso kwa uso hawakosei, sauti hukaa tofauti kidogo, kama vile ninyi msivyochanganya barabara ya kupita na mambo kuwa barabara. Lakini chini ya meza, kwenye mvua, na pili zikining'inia uani hata majani hayaonekani, sikio langu lingesikia nini?

"Zinamuua vipi?" nikauliza. "Zina gamba. Tumeshalitoa."

"Ana mzio, Bibi."

"Mzio wa nani? Ni mwiko wa ukoo wao?"

"Si mwiko. Ni mwili wake. Akila hata chembe, koo linavimba, pumzi inaziba. Anatembea na sindano mkobani."

Nikamtazama Choleng. Choleng alikuwa anatafuna.

"Mbona mimi sivimbi koo?" akasema.

"Wewe umevimba kwingine," nikamjibu, lakini moyo wangu haukuwa kwenye mzaha. Nilikuwa najaribu kulielewa jambo. Chakula ni chakula na sumu ni sumu. Sasa kitu kimoja, sufuria moja, mkono mmoja. Kikienda kwa Choleng ni kitafunwa, kikienda kwa Breda ni jeneza. Nani hukibadilisha njiani?

"Basi Breda tumpe kingine," nikasema, "na hizi ziliwe na wenzake."

Rhodalyn akatikisa kichwa. "Meza ni moja, Bibi. Kila sikukuu watu wanaleta vyakula, tunapanga, kila mtu anachota. Breda anakaa pembeni, mikono mapajani, anatoa biskuti yake mkobani. Miaka yote. Na Jumanne ndiyo siku yake ya mwisho kazini, anastaafu. Nilitaka mara moja tu anyooshe mkono kwenye meza ya watu wote, ale wanachokula wote." Akaikaza kamba ya begi. "Na kitoke hapa kwetu. Kisiwe tena cha kufunguliwa madirisha."

Nikayatazama yale makopo. Ule utepe ulianza kuniudhi.

"Tutatengeneza kingine," nikasema. "Basi lako ni jioni. Nazi je? Tupike nazi na sukari."

"Nazi anakula."

"Lakini kwa Kizungu si inaitwa kokwa? Ulinifundisha mwenyewe."

"Inaitwa, Bibi, lakini si kokwa."

"Na karanga?"

"Karanga hagusi."

"Karanga si kokwa. Ni jamaa ya maharage, inazaa chini ya udongo."

"Najua, Bibi."

"Kwa hiyo nazi inayoitwa kokwa anakula, na karanga ambayo si kokwa hali."

"Ndiyo."

"Haya," nikasema, nikahesabu kwa vidole nisije nikasahau.

"Kanunue maembe makavu Manila, uwanja wa ndege yamejaa," akasema Choleng. "Yana karatasi imeandikwa kila kitu."

"Maembe ya Cebu," nikasema. "Nimpe mtu aliyenipa macho yangu maembe ya watu wa Cebu?"

Nikaenda jikoni kutoa sufuria. Rhodalyn akanifuata mbio. "Hiyo umepikia nini?"

"Pili."

"Na hiyo?"

"Nimelowekea pili."

"Kinu?"

Nikakisukuma kinu nyuma ya mlango kwa mguu.

"Mwiko? Kibao? Kikaango?" Akainama kwenye mafiga, akayaona magamba yanafuka. "Bibi! Hata moto ni wa pili!"

"Moshi nao unaua?"

Akautazama moshi. "Sijui," akasema. "Kusema kweli hilo sijui."

Basi tukawa wawili tusiojua, na kidogo nikapata nafuu. Nilimwambia tuoshe kila kitu kwa majivu na maji moto. Akasema kikaango changu cheusi kimekunywa mafuta ya pili tangu hajazaliwa, hakioshiki kikaisha. Nikasema tuazime kwa Choleng. Choleng anauza pili sokoni. Nikasema tuazime kwa jirani wa nyuma. Jirani wa nyuma ndiye anayempikia Choleng. Ukitaka kujua unaishi wapi, tafuta sufuria moja ambayo haijaona pili.

Nikarudi sebuleni nikakaa. Mtu akichanganyikiwa asiparamie huku na huku, akae kwanza. Mbele yangu kulikuwa na kabati la vioo, na kwenye kabati, kando ya sanamu ya Mtoto Yesu mwenye joho jekundu, ilikuwapo ile sufuria ya buluu. Nimeitazama kila siku nikisali. Nzito, mfuniko wake uleule, ndani nimeweka maua ya plastiki. Rhodalyn aliileta ndani ya lile boksi kubwa analotuma Krismasi, imezungushiwa taulo.

"Ile sufuria," nikasema, "ulisema uliinunua wapi?"

"Sikuinunua. Breda alipohamia nyumba ndogo aligawa vyombo vyake. Ile alisema ni ya Bibi." Akageuka, akaiona. "Bibi, hujaitumia? Maua?"

"Nangoja mgeni."

"Miaka mingapi unangoja mgeni?"

"Mgeni akija si atakuja?"

Lakini yeye hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa amesimama mbele ya kabati, mikono miwili juu ya kichwa. "Jikoni kwa Breda," akasema. "Bibi, hii imetoka jikoni kwa Breda. Kokwa haijawahi kukanyaga nyumba ile."

Nikatoa maua.

Hapo ndipo nilipochagua tangawizi. Tangawizi yangu ipo nyuma ya nyumba, iko ndani ya udongo, haijaonana na mtu. Ukiikwaruza ukaikamua, ukayapika maji yake na sukari ya kahawia huku unakoroga bila kuacha, mwishowe maji yanakwisha na inabaki unga wa dhahabu. Kijiko kimoja kwenye maji moto, kifua kinafunguka. Haivunjiki kwenye begi, haiozi, na kwa harufu yake hakuna atakayekimbilia dirisha.

Tukahamia uani, mbali na jiko. Kuni nikataka za mpera. Rhodalyn akaenda dukani akarudi na kikwaruzio kipya, kitambaa kipya, mwiko mpya, chupa za plastiki ambazo bado zilikuwa na karatasi zake. Choleng naye akaja na sukari ndani ya bakuli, anatabasamu.

"Umeitoa wapi?" akauliza Rhodalyn.

"Gengeni kwangu."

"Umechota na nini?"

"Na mkono. Nichote na mguu?"

"Bibi Choleng, mkono huohuo unaochotea pili?"

Choleng akautazama mkono wake mbele na nyuma kama mtu anayeonyeshwa kidonda. "Jamani. Mimi leo nimekuwa nyoka." Akaenda kununua pakiti ambayo haijafunguliwa, akairusha juu ya ua, akakaa upande wa pili akitutazama kwenye tundu.

Kisha ikabaki mikono yangu. Nikaisugua kwa sabuni na ndimu mpaka ikawasha. Rhodalyn akaitazama, akatazama gauni langu, nikaelewa. Nikaenda kuoga, nikavaa gauni la kanisani.

"Wifi anaoga mchana kweupe na kuvaa gauni la misa!" Choleng akapiga kelele kwa majirani. "Kuna harusi tusiyoalikwa?"

"Anapikiwa Mzungu!" jirani wa nyuma akajibu.

Nilipika nimesimama na gauni langu la maua ya zambarau. Nilikuwa naiogopa ile sufuria. Nilidhani itaungua, au rangi itabadilika, na Breda atajua. Nikakoroga. Maji yakachemka, yakapungua, yakawa mazito kama asali, na kwa muda mrefu hayakutaka kuwa kitu kingine. Rhodalyn akawa anatazama saa, ananitazama mimi, anatazama saa.

"Bibi, kama haitakauka?"

"Itakauka."

"Unajuaje?"

"Haina kazi nyingine."

Na ikakauka, ghafla kama inavyofanya siku zote. Ukingo ukapauka, katikati kukavunjika, mwiko ukaanza kusaga mchanga. Rhodalyn akachota kwa kidole, akalamba, akakohoa, machozi yakamtoka. "Kali!"

"Ndiyo tangawizi hiyo. Ulitaka maziwa?"

Tukajaza chupa. Makopo ya pili hayakwenda popote. Rhodalyn alinikumbatia akiwa amenyoosha mikono nyuma, chupa zisiguse kitu chochote cha nyumba yetu, halafu akacheka mwenyewe, akanikumbatia sawasawa. Basi likapiga honi barabarani, akaenda.

Jumapili na Jumatatu nilikuwa mtu wa kuuliza maswali. Nilimwuliza Choleng kama nzi aliyetua kwenye pili anaweza kutua kwenye tangawizi. Akasema anaweza, kwani ana miguu. Nilikumbuka kwamba kuni za mpera zilikuwa zimeegemea ule mpili wa uani. Nilikumbuka nilijikuna kichwa wakati nakoroga, na nywele zangu sikuziosha. Kila nilipolala nilimwona mwanamke nisiyemjua ameketi mezani, ananyoosha mkono.

Jumanne simu ikalia wakati tunakunywa kahawa ya jioni. Mvua haikuwapo, lakini mawasiliano ya kwetu hayahitaji mvua ili yaharibike.

"Bibi!" Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi. "Bibi, Breda... amekunywa... analia!"

Ikakatika.

Kikombe kilinitoka mkononi. Nikasema jina la Mama wa Mungu, nikaketi chini, siyo kwenye kiti.

"Wifi," Choleng akanong'ona, "umemwua Mzungu."

"Nyamaza."

"Mimi ningejua nisingeirusha ile sukari. Watasema tulishirikiana."

"Choleng, nyamaza!"

Nikaipiga namba. Haikupita. Nikapiga tena. Nilikuwa nafikiria nywele zangu. Nilikuwa nafikiria nzi. Kisha simu ikalia yenyewe, na safari hii ilikuwa na picha, na kwenye picha alikuwapo mwanamke mnene mwenye nywele fupi nyeupe, uso mwekundu kama nyanya, machozi yanamchuruzika, kikombe kikiwa mkononi. Alikuwa anapumua. Niliangalia hilo kwanza. Kifua kinapanda, kinashuka.

"Ni mzio?" nikapiga kelele. "Rhodalyn, mchomeni sindano!"

"Ni tangawizi, Bibi! Ni kali! Wote wanalia, tazama!" Akageuza simu. Meza ndefu, sahani, mikate, na watu wanafuta macho na kucheka, na katikati birika moja kubwa. Yule mwanamke akanyoosha mkono akalishika birika lilelile la watu wote, akajimiminia tena. Mkoba wake nilikuwa nauona umening'inia kwenye kiti, umefungwa.

Akasema maneno marefu, mimi sikupata hata moja. Nikamwonyesha ile sufuria. Sikujua nifanye nini kingine, nikaiinua tu mbele ya simu, na bado ilikuwa na alama nyeusi chini pale moto ulipoilamba. Akaweka kikombe. Akalishika shavu lake. Sasa alikuwa analia kweli, na mimi sikuelewa kama ni kwa sababu nimeiunguza au kwa sababu nimeitumia.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema..." picha ikaganda, sauti ikawa inakuja inakwenda. "...anataka kukutumia kitu, Bibi, kwa ndege... kitu chochote... wewe mwenyewe... pili!"

Ikakatika.

Choleng akanitazama. Nami nikamtazama. Makopo yalikuwa bado mezani, lile la utepe likiwa limebaki nusu, na mdomo wa Choleng ukiwa umejaa.

"Pili ipi?" akauliza.

Nikaifuta ile sufuria kwa upindo wa gauni langu, nikaingia chini ya meza, nikangoja simu ilie tena.